Mwanasesere Aliyevikwa Kama Maiti

Huku kwetu Hamaguchi, kwenye pwani ya Japani, pale mto unapoingia baharini, mtoto huambiwa jambo moja akiwa bado hajajua kufunga viatu vyake: ukimwona mwanasesere wa karatasi anakuja na maji, usimguse, mwache apite.

Wanatoka vijiji vya juu. Theluji ikishayeyuka, siku ya tatu ya mwezi wa tatu kwa kalenda ya zamani, wanawake wa kule huchukua wanasesere wawili, mume na mke, wakawabandika kwenye kisahani cha majani ya mpunga. Mwenye mgongo unaouma humpitisha mwanasesere mgongoni, mwenye kifua humpitisha kifuani. Kisha wanampulizia pumzi, wanamwekea ua la mpichi, wanamwachia mto. Ugonjwa na mikosi ya mwaka mzima inateremka naye. Inateremka kuja kwetu.

"Wao wanaoga, sisi tunakunywa maji ya kuogea," Bibi Umeno alikuwa hachoki kusema hivyo. Alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta, mjane mwenye ulimi mkali na mgongo ulionyooka kama fimbo, akiishi na mwanawe Tokuji aliyekuwa akikausha ngisi pale ufukweni. Sasa fikiria bibi huyo alivyojisikia siku Tokuji alipomletea mkwe kutoka Kamiori, kijiji cha juu kabisa, na si binti wa mtu yeyote tu, bali binti wa Kiwa, mwanamke aliyekuwa akikitengenezea kijiji kizima wanasesere hao.

Mke huyo aliitwa Itsuyo. Haya ninayosimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine alinieleza mwenyewe tukiwa tunachambua maharage kibarazani kwangu.

Upande wa pili nao haukuifurahia ndoa ile. Kiwa alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, na alitaka abaki nyumbani arithi kazi. Siku Itsuyo anaondoka, mama yake alisimama mlangoni akamwambia, "Haya, nenda. Nenda ukakae huko chini uyapokee tunayoyatupa." Yalikuwa maneno ya hasira, lakini yalimwingia Itsuyo yakakaa. Alikuwa akienda kumsalimia mama yake mara chache, tena kwa haraka, akiwa amekaa kama mgeni. Kiwa hakuwahi kukanyaga kwetu hata siku moja.

Miaka ikapita, akazaliwa Sayo. Vita vilikuwa vimekwisha, watu walikuwa wameanza kushiba tena, na yule mtoto alikuwa mnene, mtundu, mwenye sauti iliyosikika mpaka kwenye mashua. Alikuwa na umri wa miaka mitano masika ile alipougua.

Ilianza kama mafua. Siku iliyofuata hakuweza kumeza hata uji wa mchele, shingo ikamvimba, na pumzi yake ikawa na mlio wa kitu kinachokwaruzwa. Itsuyo alikuwa akimkanda kwa kitambaa cha maji. Bibi Umeno akaenda kufungua kabati la ukutani atoe mfarishi mwingine, na kutoka katikati ya mifarishi kikadondoka kitu kilichoviringwa kwa taulo.

"Itsuyo!" aliita. "Hebu njoo umwone mgeni wako."

Alikuwa mwanasesere wa kike, mrefu kama kiganja, bila mwenzake. Kichwa cha udongo kilichopakwa chokaa ya makombe, nywele za karatasi nyeusi, vazi la karatasi nyekundu lililofifia kwa maji. Sayo alikuwa amemtoa kwenye matete, akamkausha, akamficha amchezee.

"Usimshike!" Bibi Umeno alipiga kelele Itsuyo alipoinama. Lakini Itsuyo alikuwa ameshamshika, na hapo ndipo wote wawili walipoiona kola.

Aliye hai hufunga vazi lake upande wa kushoto ukilala juu ya ule wa kulia. Maiti peke yake ndiye hugeuziwa. Mwanasesere yule alikuwa amegeuziwa.

Bibi Umeno alikaa chini palepale. "Wamemvika kama maiti," alisema polepole. "Huyu hakutumwa na kikohozi cha mtu. Huyu katumwa na kifo. Nani huko kwenu anafanya mambo kama haya?"

Itsuyo alimsogeza mwanasesere kwenye mwanga. Mikunjo ya mkono ule aliijua kama anavyoijua sura yake mwenyewe. Tangu utotoni alikuwa amekaa kando ya mama yake akimwona anavyokata karatasi ya gome la mforsadi, anavyopaka gundi ya wali kwa ncha ya kidole, anavyoikunja kola mara mbili ili isimame. Hakuna mwingine Kamiori aliyekunja mara mbili. Na mama yake hakuwa mtu wa kukosea kola.

Daktari Moriwaki alifika kwa baiskeli, akamfungua mtoto kinywa, akaangalia ndani kwa tochi. "Dondakoo," alisema. Akamchoma sindano ya dawa, akawaambia ukweli: dawa inahitaji muda, na mtoto hana muda mwingi. Koo likiziba kabisa, yeye atalitoboa kwa mbele na kupitisha mrija. Angekwenda kuwaona wagonjwa wawili wa mtaa wa pili, watoto waliokuwa na ugonjwa uleule, kisha arudi akae hapo.

"Unasikia, Mama?" Tokuji alimwambia mama yake. "Na wale nao wana dondakoo. Sayo alicheza nao."

"Na wao wameupata wapi? Umeanguka kutoka mbinguni?" Bibi Umeno alimsukuma mwanasesere kwa kijiti cha jikoni mpaka mbele ya magoti ya mkwewe. "Mrudishe. Mkono uliomtengeneza umpokee wenyewe. Maadamu amelala humu ndani, sindano hiyo ni maji matupu."

"Mama, mtoto yuko mahututi. Mama yake aende wapi?"

"Nimesema na wewe?"

Tokuji alitazama mkeka. Alikuwa mtu mwema, lakini wema wake ulikuwa wa kutazama mikeka.

"Nitakwenda," Itsuyo alisema.

Baadaye wengi walimsema kwa hilo. Mama gani anamwacha mtoto anayekata roho akapande basi? Mimi nilimuuliza, akaniambia hakwenda kwa sababu ya mavyaa wake. "Nilikuwa namkanda Sayo," alisema, "na kila nikimkanda nasikia sauti ya mama: uyapokee tunayoyatupa. Nilitaka nimwangalie usoni nimuulize kama alikusudia. Nilihisi nisipouliza, nitaingiwa na wazimu, na mwendawazimu hawezi kumuuguza mtu." Akamviringa mwanasesere kwenye taulo lilelile, akamwinamia mtoto, akamwambia anarudi jua halijazama. Akaniomba nikae na Sayo. Nikakaa.

Basi la Kamiori lilipanda kando ya mto, likisimama kila palipo na mtu. Ilikuwa adhuhuri alipofika. Mama yake alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, chini ya dirisha, mkasi mkononi, vipande vya karatasi vimetapakaa magotini. Itsuyo alisukuma mlango akasimama mbele yake kwenye mwanga.

"Nani?" Kiwa aliuliza.

Itsuyo alidhani anatukanwa. "Ndiyo tumefika huko? Hunijui tena?"

"Itsuyo?" Mkasi ulianguka. "Nimekujua, nimekujua. Mwanga uko nyuma yako, ndiyo maana. Mbona siku ya kazi? Umekula? Kaa, kaa."

Itsuyo hakukaa. Alilifungua taulo, akamlaza mwanasesere kwenye mkeka. "Sayo anakufa," alisema. "Amemtoa huyu mtoni, na sasa koo lake linaziba. Ni wako huyu. Nimeujua mkunjo. Nijibu tu jambo moja, Mama. Ulimvika kama maiti makusudi?"

"Nini?"

"Ulisema nitayapokea mnayoyatupa. Ulikusudia?"

Kiwa alisogea mbele. Akanyoosha mkono amchukue mwanasesere, na mkono ule ukatua kwenye mkeka, pembeni. Ukapapasa kushoto. Ukapapasa tena. Ndipo ukamgusa. Itsuyo alikuwa ameyaona yote hayo, na hasira aliyokuja nayo ikapungua, ikaingia hofu nyingine ambayo hakuitegemea.

Vidole vya Kiwa vilipanda taratibu kutoka kwenye pindo la vazi, vikapita kiunoni, vikafika kwenye kola. Vikasimama hapo.

"Imegeuka," alisema.

"Mama. Huoni?"

"Naona. Naona mchana ukiwa mweupe. Naona kitu kikiwa kikubwa." Akaigusa kola tena. "Kulia na kushoto nilikuwa nashika kwa mazoea. Nilijua mikono haiwezi kusahau. Oo, Itsuyo! Kijiji kizima kimechukua kwangu mwaka huu. Nimewavika wote kama maiti. Nyumba zote hizi!"

Wakati huo jirani yao Tsurue, mwanamke mpole mwenye meno machache, alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma na bakuli la mchuzi, kama alivyokuwa akiingia kila siku. Alisimama na bakuli lake, akasikiliza, akaelewa.

"Si wote, dada Kiwa," alisema.

Kiwa aligeuza kichwa.

"Nilikuja kukusaidia kuwabandika kwenye visahani. Wewe ulikuwa unapika. Nikawaona. Nikawageuza kola mmoja mmoja kwa maji kidogo na gundi. Mwaka jana pia."

"Mwaka jana!"

"Mwaka jana walikuwa wachache."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Tuliona haya." Tsurue aliweka bakuli chini. "Mke wa mkoboa mpunga anajua, na wale wa kwa mtengeneza tofu ya soya. Tulikubaliana tunyamaze. Kazi hii ndiyo iliyokubakia."

Kiwa alimlaza mwanasesere magotini. Aliambiwa kwa mara moja kwamba macho yake yamekwisha, na kwamba kila mtu alilijua hilo isipokuwa mwanawe. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Wote uliwageuza? Hakuna uliyemruka?"

"Hakuna. Labda..." Tsurue alimtazama Itsuyo, akaona hana pa kujificha. "Labda wa kwako mwenyewe. Huyo ulimpeleka mtoni peke yako asubuhi, mimi sijafika."

Ndivyo walivyojua. Kiwa alikuwa amemtengeneza mwanasesere wake wa mwisho kutokana na vipande vilivyobaki, akampitisha machoni, jicho moja kisha la pili, akampulizia, akauomba mto ulichukue lile giza, ulipeleke mbali. Na mto ulilichukua kweli. Ulilipeleka mpaka kwenye matete ya Hamaguchi, mahali alipokuwa akicheza mjukuu wake.

"Wa kwangu," Kiwa alisema. "Mjukuu wangu ameokota wa kwangu." Akasimama, akapapasa ukutani kutafuta koti lake. "Twende."

"Twende wapi? Mama, keti kwanza."

"Kwenu. Tsurue, nitafutie fimbo."

Katika basi walikaa bega kwa bega, na kwa muda mrefu hawakusemeshana. Itsuyo alikuwa akihesabu vituo moyoni na kuliona kila tuta kama ukuta. Baadaye Kiwa ndiye aliyeanza. Alisema maneno yale ya mlangoni alikuwa ameyajutia kabla basi lile halijakunja kona, ila hakujua mtu huyarudishaje.

"Ungekuja," Itsuyo alisema.

"Kwa mavyaa wako? Angenimwagia chumvi ya kufukuzia mikosi."

"Atakumwagia leo."

"Na amwage."

Kisha Kiwa akaanza kusema habari za wanasesere, bila kuulizwa, kama mtu anayejitetea mbele ya hakimu. Hapo zamani, alisema, hawakuwa na kichwa wala vazi. Ilikuwa karatasi tupu iliyokatwa mfano wa mtu, bila sura, na hata watu wa kasri la mfalme walijifuta nayo miili yao, wakaipa mto. Halafu watoto wa kike wakaanza kuzichezea karatasi zile, wakazivisha, wakazipa majina. Matajiri wakaona ni nzuri mno kutupwa: wakatengeneza wa hariri, wakawapanga kwenye ngazi zenye kitambaa chekundu, wakawafungia makashani mpaka mwaka mwingine. "Wakasahau mto. Sisi wa karatasi hatukusahau," alisema. "Lakini bibi yangu alinifundisha kwamba mto unayeyusha kila kitu. Kwamba hayafiki popote. Sijapata kujiuliza kama huko chini kuna watu."

"Tupo," Itsuyo alisema. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao.

Mimi nilikuwa ndani walipofika. Hali ya Sayo ilikuwa imeharibika alasiri ile. Midomo ilimgeuka rangi, na daktari alikuwa amemtoboa koo mbele yetu, Tokuji akimshikilia miguu huku machozi yanamtiririka, Bibi Umeno akiwa ameshika taa bila kutikisika. Sasa mtoto alikuwa akipumua kwa mrija. Hewa ilikuwa ikiingia na kutoka kwa mluzi mwembamba, na sote tulikuwa tukiusikiliza mluzi ule kama tunasikiliza mtu akitusomea hukumu.

Itsuyo alipita mbio bila kuvua viatu, akaanguka kando ya godoro. Kiwa alibaki mlangoni na fimbo yake, hajui aweke wapi mguu.

Bibi Umeno alitoka akamkabili. "Wewe ndiwe Kiwa."

"Ndimi. Nisamehe kwa kuingia bila kualikwa."

"Hujaingia bado. Mwanasesere yuko wapi?"

"Ninaye."

"Ulimvika vile makusudi?"

"Sioni, dada," Kiwa alisema. "Nilikosea kwa sababu sioni."

Bibi Umeno alipunga mkono mbele ya uso ule. Macho hayakuufuata. Akapunga tena, karibu zaidi. Kisha akaushusha mkono.

Kiwa alipiga magoti palepale chini penye viatu, akamtoa mwanasesere kifuani. "Huyu nilimpa macho yangu ayabebe," alisema. "Kama kuna kitu ameleta humu ndani, basi ni mali yangu, nami nimekuja kukichukua." Akamweka mwanasesere kwenye jicho la kulia, akamkandamiza. Akamweka kwenye la kushoto. Kisha, badala ya kumpulizia, akamleta puani akavuta pumzi ndefu, mpaka mabega yakapanda. "Hatamwendea mtu tena. Simpeleki mtoni. Nitakaa naye mimi."

Sijawahi kuona mtu akijitwisha mkosi wake mwenyewe, na sidhani kama Bibi Umeno alikuwa amewahi.

"Miguu yako imelowa," alisema hatimaye, kwa ukali uleule. "Panda. Utatuletea baridi."

Sayo alipona. Hakupona siku ile wala kesho yake. Kulikuwa na siku nyingi mbaya, na mmoja wa wale watoto wa mtaa wa pili alizikwa. Mrija ulipotolewa, ile sauti iliyokuwa ikifika mpaka kwenye mashua haikurudi. Mpaka leo anaongea kama mtu anayenong'ona siri, na ana watoto wake sasa.

Bibi Umeno alishikilia mpaka kufa kwake kwamba mtoto aliokolewa na kile alichofanya Kiwa mlangoni. Daktari Moriwaki alisema ni dawa na mrija. Ukimuuliza Itsuyo, angekwambia hajui, na kwamba yule mtoto aliyezikwa hakuokota mwanasesere yeyote. Ninachokijua mimi ni kwamba kabla ya mwaka kwisha Kiwa alikuwa kipofu kabisa. Daktari wa macho wa mjini alisema macho yale yalikuwa yakifa tangu siku nyingi, na lingewezekana jambo kama angekuja mapema. Hilo ndilo lililomuuma Itsuyo kuliko yote. Alikuwa akilirudia: "Kama angekuja mapema. Kama mimi ningekwenda mapema."

Alitaka mama yake ahamie Hamaguchi. Bibi Umeno alikataa, na Kiwa mwenyewe pia. Lakini Kamiori nako hakukuwa kama zamani. Kiwa aliwaambia majirani yote waziwazi, kwamba hakuwa akiona, na kwamba Tsurue ndiye aliyewaokoa. Wengi walimshika mkono wakamwambia yamekwisha. Familia moja iliyokuwa imempoteza mzee wao majira yaleyale haikumsalimia tena.

Majira ya baridi yalipofika, Itsuyo alifunga kifurushi cha nguo akakiweka mlangoni. Kazi ya wanasesere hufanyika theluji ikiwa imefunika mashamba, na mama yake asingeiweza peke yake.

"Unakwenda wapi na furushi hilo?" Bibi Umeno aliuliza.

"Kamiori. Mama atakata kwa kupapasa, mimi nitakunja. Nitarudi maua ya mpichi yakichanua."

"Utawakunja hao hao waje kutuua huku?"

"Nitawakunja vizuri, Mama. Na mwaka huu tumekubaliana na wanawake wa kule. Wataweka wavu chini ya daraja la Kamiori, wawakusanye wote jioni ileile na kuwachoma hekaluni. Hawatashuka tena."

Bibi Umeno hakulitegemea hilo. Alitafuta pa kushika, akapapata. "Na wali? Nani atapika wali humu ndani?"

"Tokuji ana mikono."

Tokuji, aliyekuwa akivaa viatu vyake vya kazi, aliinua macho kutoka kwenye mkeka. "Nitapika," alisema.

Aliupika usiku ule. Harufu ya kuungua ilifika mpaka kwangu. Nilichungulia nikamwona Bibi Umeno amenyooka mbele ya bakuli lake, anatafuna ukoko mweusi kwa meno ya mbele, na Sayo akimnong'oneza, "Bibi, mchungu," naye akimjibu, "Kula. Baba yako anajifunza."